Uso wa Mama kwenye Korongo la Jirani

Kijana aliyeletwa kuandika jina la mama kwenye msalaba alifungua mkebe wa rangi ya mafuta hapo karibu na mlango wa jikoni, nami nikainuka nikaenda nyuma ya choo kutapika. Watu wakasema ni uchungu wa mazishi. Akina mama wa kanisa wakaniletea chai ya maziwa, mmoja akanipapasa mgongo akisema lia, mama, lia utoe. Sikuwa ninalia. Ilikuwa ni ile harufu. Kuna watu wakisikia harufu ya rangi wanaona Krismasi, nyumba mpya, mlango unaong'aa. Mimi naona kigoda cha miguu mitatu, mama amekaa juu yake na vumbi usoni, na mimi nimesimama kati yake na mwanamume wa Nairobi, nikidanganya upande huu na upande ule kama mtu anayegeuza chapati.

Kwetu ni Kalama, Ukambani, mahali ambapo ukiangusha chungwa mlangoni unalikuta kwa jirani. Nchi ya mteremko. Mvua ikija inakuja mara moja kwa hasira, inabeba udongo, mbegu na mbolea, inateremka navyo mtoni, halafu inatuaga. Ndiyo maana watu wa huko walijifunza kuchimba matuta yale yanaitwa fanya juu: unachimba mfereji kukata mteremko, udongo unaurusha upande wa juu, maji yakija yanakwama hapo yananywewa na ardhi. Ni kazi ya kuvunja kiuno, na haifanywi na mtu mmoja. Inafanywa na mwethya, yaani watu kukusanyika, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wimbo mbele na majembe nyuma.

Mwenyekiti wa mwethya yetu alikuwa mama. Hakuwahi kuingia darasani, lakini yeye ndiye alikuwa anashika kamba na pima maji, anaangalia lile povu la ndani limesimama wapi, anaweka kigingi. Mfereji aliopima mama, maji yalilala ndani yake kama uji kwenye sahani, hayakimbilii upande wowote. Wanawake wa ng'ambo ya mto walikuwa wanatuma watoto kumwita aje awapimie. Hapo ndipo mama alikuwa mtu. Urembo hakuwa nao sana, mali hatukuwa nayo, na baba alikuwa Lukenya akivunja mawe, anakuja mwisho wa mwezi na redio yake na vumbi masikioni, analala siku mbili, anarudi. Huyo baba nitamwacha hukohuko kwa mawe, hayumo sana kwenye maneno haya. Nasema tu kwamba mama alikuwa na kitu kimoja cha kujivunia duniani, nacho ni matuta.

Chini ya shamba letu kulikuwa kwa Mama Kyalo. Yeye naye alikuwa wa mwethya, mwanamke wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi, lakini bwana yake alikuwa amekataa shamba kuchimbwa. Alisema ardhi ya baba yake haitachanjwa chale na wanawake. Basi maji yakachanja yenyewe. Kwa Mama Kyalo kulikuwa na korongo ambalo ndama aliingia asubuhi akatolewa jioni kwa kamba na wanaume sita. Sisi watoto tulikuwa tunaenda kupiga kelele ndani ili lituitikie.

Sasa, kabla sijaendelea, lazima niseme habari ya kuficha kuku, kwa sababu hapo ndipo kosa langu lilizaliwa, na sitaki mtu aseme nilikuwa mtoto mbaya bila kusikia.

Ninyi wa rika langu mliolelewa Ukambani mnakumbuka mwolyo, yale mahindi ya msaada, ya manjano, yenye harufu ya gunia na ya meli. Kabla ya mahindi kuja, karani wa chifu alikuwa anapita na daftari, nyumba kwa nyumba, kuona ni nani ana njaa ya kweli. Akiona mbuzi watatu, jina halimo. Akiona sufuria mpya, jina halimo. Kwa hiyo habari ikisikika kwamba karani amevuka mto, kijiji kizima kilikuwa kinafilisika kwa muda wa nusu saa. Mbuzi wanapelekwa korongoni kwa Mama Kyalo. Godoro linaviringishwa. Viatu vinavuliwa. Kuku wanaingizwa chini ya kitanda kwenye kikapu na kufunikwa leso. Mara moja karani amekaa kwetu, anaandika, na kuku wetu mwekundu akataga hukohuko chini ya kitanda na kuanza kutangaza.

"Huyo ni nani?" karani akauliza.

"Ni mtoto," mama akasema, uso mkavu. "Ana kifua."

Karani akaandika mtoto mgonjwa, tukaongezewa kilo mbili. Tulicheka mwaka mzima. Na usiku huo mama alinifundisha sheria ambayo nimeikumbuka kuliko amri kumi: "Ndinda, mgeni mwenye kalamu haonyeshwi mali. Mwonyeshe pale panapouma tu. Lakini jina, sema la kweli, maana mahindi hufuata jina."

Basi. Nilikuwa darasa la nne wakati wale watu wawili walikuja. Nilikuwa nimebaki nyumbani kulinda ndengu zilizoanikwa, mama ameenda mwethya ng'ambo ya mto. Waliacha gari barabarani wakateremka kwa miguu. Mmoja mrefu, wa miwani, na mfuko wa ngozi. Huyo alikuwa daktari wa udongo. Mwingine mfupi, wa nywele nyingi na shati lenye madoa ya kila rangi, nikadhani ni fundi wa kupaka nyumba. Mrefu alikuwa na kalamu. Mfupi naye alikuwa na kalamu. Kalamu mbili! Nikahesabu magunia mawili ya mahindi.

"Wakya?" akanisalimia yule mrefu, kama mtu aliyefundishwa neno hilo asubuhi garini.

"Aa."

"Mama yuko?"

"Hayuko. Ameenda kutafuta chakula."

Muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, ilikuwa motoni nyuma ya nyumba, inachemka hadi kifuniko kinacheza. Nikasogea nikasimama mahali upepo hautawapelekea harufu.

"Na shamba yenu ni gani?" akauliza wa madoa.

Nataka mnielewe. Walikuwa wamesimama juu ya matuta ya mama. Nyasi ya napia imesimama kwenye kingo, mbaazi zimechanua, mfereji umenyooka kama mstari wa rula. Nikainua mkono nikaonyesha chini, kule kwa Mama Kyalo.

"Ile pale yenye shimo."

"Na haya matuta mazuri?"

"Ni ya wenyewe."

Wakateremka korongoni, na mimi mbele yao. Mrefu akajaza udongo kwenye vifuko, akaandika juu ya kila kimoja, nami nikashangaa, maana sikuwa nimewahi kuona daktari wa mchanga. Nikafikiri ataupeleka hospitali udungwe sindano. Mfupi alikaa kwenye jiwe akachora kwenye daftari kubwa, akapiga picha, akachora tena. Alikuwa anasikitika kweli, namkumbuka. Alishika ule ukuta wa korongo kwa kiganja kama anashika shavu la mgonjwa.

"Mama yako hachimbi matuta?" mrefu akaniuliza.

"Hachimbi."

"Kwa nini?"

Hapo nikaazima jibu. Nikasema la bwana wa Mama Kyalo. "Anasema ardhi haichanjwi."

Wakatazamana. Mrefu akaandika mstari mrefu sana.

"Jina la mama ni nani?"

Nikalisema lote, na la babu nikaongeza, na nikamwonyesha pa kukosoa herufi. Halafu nikauliza, "Mahindi italetwa lini?"

"Mahindi?" Mrefu akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Itakuja mvua ikija, msichana."

Nikachukua hiyo kama ahadi. Mama aliporudi nikamwambia wageni wa kalamu walikuja na nimewaonyesha panapouma. Alikuwa amechoka, ameshika kiuno, akasema vizuri, akaenda kunawa miguu.

Wiki mbili baadaye wa madoa alirudi peke yake. Aliuliza njia sokoni kwa jina la mama, akaletwa hadi mlangoni. Sasa mama mwenyewe alikuwepo, ndio ametoka kuchimba, udongo mwekundu hadi kwenye nyusi. Yule mtu alimwona akasimama. Akaniambia mimi, kwa sababu mama alikuwa anasema Kikamba tu, "Mwambie nataka kuchora uso wake. Pale sokoni kutakuwa na siku kubwa. Watu wote wataona."

Nilimwambia mama. Nikaona kitu kinapita usoni mwake ambacho sijawahi kukiona tena. Alidhani sifa za matuta yake zimefika Nairobi. Akakimbilia ndani kunawa na kuvaa leso mpya, na wa madoa akasema hapana, hapana, abaki hivyohivyo, na vumbi lake. Basi akakaa kwenye kigoda. Alikaa mchana wa siku ile na wa siku iliyofuata, mgongo wima, shingo imekauka, nzi akitua puani hamfukuzi. Mkebe wa rangi ulikuwa wazi hapo chini na harufu ilikuwa inaniingia kichwani.

"Mwambie asicheke."

"Mama, amesema usicheke."

"Mwulize kama atayachora na matuta."

Nikamgeukia wa madoa. "Anauliza kama utachora shamba."

"Shamba nilishachora."

"Amesema matuta ameshayachora, mama."

Mama akatikisa kichwa kidogo sana, asiharibu uso, na macho yake yakang'aa. Ningeweza kusema wakati ule. Tulikuwa watatu tu na kuku. Lakini nilikuwa ninaogopa kuchapwa, na pia, niseme ukweli wote maana mama ameshazikwa, nilikuwa bado ninangoja mahindi.

Siku kubwa ikafika. Uwanja wa soko ulijaa. Mwethya yetu ilienda na leso za sare, za kijani, wanaimba kuanzia kwetu hadi sokoni, mama mbele. Siku hiyohiyo, baada ya picha, kata ilikuwa ichague mwenyekiti wa bwawa jipya litakalojengwa mtoni, na kila mtu alijua ni nani. Mama alikuwa ameshapaona pa kulijenga, pale kwenye mwamba juu ya kivuko. Alikuwa amepima kwa kamba yake.

Daktari wa udongo alishika kipaza sauti. Alisema kwa Kiswahili kizuri, na mtu akatafsiri. Akasema mvua zetu hazikupotea kwa bahati mbaya. Dunia inapata joto. Viwanda vya nchi za mbali vimetoa moshi miaka mingi, na moshi ule umejaa juu kama moshi wa jiko kwenye nyumba isiyo na dirisha, na sisi wa mwisho kula ndio wa kwanza kukohoa. Wazee wakanung'unika kwa kukubali. Akasema yeye ameyapima haya kwa hesabu, lakini hesabu hazisomwi na mtu, kwa hivyo amemtafuta mwenzake wa kuchora kwa rangi ili macho yaone kile vitabu vimeshindwa kusema. Watu wakapiga makofi.

Vitambaa vya turubai vilikuwa viwili, vikubwa kama ukuta wa darasa, vimefunikwa. Cha kwanza kikafunuliwa: shamba la matuta, mahindi ya kijani, mwanamke mnene anacheka. Sijui ni nani, hatoki kwetu. Cha pili kikafunuliwa.

Ilikuwa korongo. Lilichorwa vizuri, Mungu wangu, hadi mizizi inayoning'inia. Na mbele ya korongo, mkubwa kuliko mlango, uso wa mama. Vumbi lile la kuchimba lilikuwa limegeuka vumbi la njaa. Shingo ile aliyoinyoosha siku mbili kwa fahari ilionekana kama ya mtu anayengoja kupewa. Chini kulikuwa na maneno meusi: ASIYELINDA UDONGO HANA KESHO.

Moshi haukuchorwa mahali popote. Nilitafuta. Hata leo sielewi. Kwenye kipaza sauti tulisikia viwanda, lakini kwenye turubai mwenye kosa alikuwa mmoja tu, na alikuwa mama yangu.

Sauti ya Mama Kyalo ikapasuka. "Hei! Hilo korongo ni langu! Mama Ndinda, umelinunua lini? Hata korongo mtu hawezi kubakishiwa?"

Soko zima likacheka. Mwethya nao wakacheka, na leso zao za kijani. Hawakucheka kwa chuki, kicheko ni kama chafya, hukitegemei. Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Kumbe hupimia wengine na kwake ni shimo!" Watu wa kata nyingine, ambao hawajawahi kufika kwetu, waliamini hapohapo. Watu huamini kilichochorwa.

Mama hakulia. Alinishika mkono akanivuta hadi kwa daktari wa udongo. Akaniambia, pole pole, "Mwulize kwa nini ameniweka pale."

Mrefu aliinama, anatabasamu, anangoja. Nikasema, "Mama anasema picha ni nzuri."

"Mwambie asante sana. Uso wake utafundisha wengi."

Nikamgeukia mama. "Amesema walipotea njia."

Mama alinitazama. Alinitazama kwa muda ambao naweza kuurudia sasa hivi, pumzi kwa pumzi. Kisha akasema, "Haya," akafungua leso ya sare kiunoni, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye kiondo. Mwenyekiti wa bwawa alichaguliwa mtu wa duka, ambaye jembe kwake ni bidhaa ya kuning'iniza. Alilijenga karibu na barabara ili lionekane. Mvua ya pili ililijaza mchanga hadi shingoni, na mbuzi wakawa wanatembea juu yake.

Daktari wa udongo, nisimsingizie, alirudi. Miezi ilikuwa imepita. Alikuja kuchukua vifuko vingine, akamkuta mama juu ya matuta na kamba yake, akauliza hili shamba ni la nani. Nilikuwepo. Alipoelewa alivua miwani akaishika tu mkononi. Akasema, kwa sauti ya chini, "Lakini ni huyu binti yako alituonyesha kule."

Mama akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema dereva ndiye alikosea."

"Mwambie ni sawa," mama akasema, akarudi kwenye kamba.

Yule mtu alisema atamwambia mwenzake. Labda alimwambia. Mwaka uliofuata picha ile ilikuja tena, sasa ndogo, ya karatasi ya kung'aa, imechapishwa nyingi. Ilibandikwa kwa chifu. Ilibandikwa zahanati, pale akina mama wanangoja kupima watoto. Na siku moja nilipoingia darasa la tano ilikuwa ukutani karibu na dirisha.

Mwalimu wetu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mgeni, ametoka mbali, hakujua. Alichukua fimbo akagonga korongo, akagonga uso wa mama, shavu la kushoto.

"Huyu mama alifanya kosa gani?"

"Hakuchimba matuta!" darasa likajibu.

"Sijasikia!"

"Hakuchimba matuta!"

Na mimi nilijibu. Hilo ndilo sijawahi kumwambia mtu. Nilifungua mdomo nikaimba na wenzangu, mara ya kwanza na mara ya pili, kwa sababu asiyejibu anasimamishwa, na mwenye kusimamishwa anaulizwa. Baada ya kipindi watoto waliojua wakaanza: "Korongo! Ndinda wa korongo! Tupitie wapi, tusianguke?" Nilivumilia hadi mwisho wa muhula. Kisha nikasema nina kifua. Nikasema nina tumbo. Kisha sikusema kitu, nikabaki nyumbani na mbuzi, na mama hakunilazimisha, na mpaka leo kusoma kwangu ni kule kwa darasa la tano na Biblia. Watoto wa rika langu waliobaki pale wengine ni walimu sasa. Mimi nimeuza nyanya. Silalamiki kuhusu nyanya.

Kile ambacho watu hawakukichora ni hiki. Bwana wa Mama Kyalo alikufa, na wiki ya tatu baada ya mazishi hayo, mama alishuka kule chini na kamba yake. Hakuwa mwenyekiti tena, alishaacha, walichaguana wengine. Alianza peke yake. Aliweka mawe kwenye koo la korongo, akapanda mkonge, akakata mteremko wa juu yake mara saba. Wanawake wakamfuata mmoja mmoja, bila wimbo. Ilichukua misimu minne. Leo ukipita pale kuna miembe ya kupandikizwa na mbaazi, na mtoto hawezi kujua palikuwa na shimo la kumeza ndama. Ila mvua yenyewe ndiyo hiyo, inaendelea kukosa. Matuta ya mama yamesimama pale yamefungua mdomo, yanangoja maji, na miaka mingine hayaji kabisa. Moshi nadhani bado unatoka kule unakotoka.

Nilimwambia mama akiwa ameshazeeka. Nilikuwa na wajukuu wangu mwenyewe wakati huo. Tulikuwa tumekaa tunachambua ndengu, na nikaona kwamba nisiposema siku hiyo atakufa hajui. Nikasema yote, kuanzia muthokoi motoni. Yeye aliendelea kuchambua.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu sokoni. Uliposema picha ni nzuri."

"Lakini nilisema kwa Kiswahili, mama."

"Wewe mtoto," akasema, na hapo akacheka kidogo, meno yameisha. "Nilichuma kahawa Thika miaka mitatu kabla sijaolewa. Unadhani nyapara alikuwa ananitukana kwa Kikamba? Kiswahili ninasikia chote. Ni ulimi tu ulikataa kukisema, ulikuwa unaona haya."

Kwa hiyo alisikia sokoni. Alisikia na siku ya daktari, ile habari ya dereva. Alikuwa ananipa nafasi ya kusema kweli, mara mbili, na mara mbili nilimpa uongo, akaupokea kama vile anapokea mzigo wa kuni.

"Mbona hukusema? Ungesema pale pale ni mtoto alidanganya, wangekuacha."

"Ningesema nini, kwamba nimekufundisha kuficha kuku ukanificha na mimi?" Akapepeta sahani, maganda yakaruka. "Wangekuita mwongo hadi uolewe. Mimi nilikuwa nimeshaolewa."

Nikamwambia nitazunguka kwa wanawake wa mwethya, mlango kwa mlango, niwaambie korongo halikuwa letu. Mama akaanza kuwahesabu kwa vidole. Huyu amekufa. Huyu amekufa. Huyu alienda kwa mtoto wake Masinga, akafia huko. Mkono wa kwanza ukaisha, na wa pili. Kikabaki kidole kimoja.

"Amebaki Mama Kyalo," akasema. "Umechelewa, Ndinda. Lakini nenda, kama itakusaidia wewe."

Sikwenda. Sasa mnanijua, mnajua sikwenda. Nilisubiri hadi mama akawa ardhini siku nne. Ndipo nikateremka, nikapita kwenye ile miembe, nikamkuta Mama Kyalo ameketi juani mbele ya nyumba yake, amevikwa sweta ya mjukuu, kile kicheko kikubwa kimekwisha kabisa. Hasikii vizuri. Ilibidi nimpigie kelele sikioni, kwa Kikamba, hadi majirani wakatoka kutazama.

"Nimekuja kuhusu mama! Mama amekufa!"

"Nani?"

"Mama Ndinda! Jirani yako wa juu! Yule aliyekupimia matuta!"

Alifikiri. Aliangalia shamba lake, akaangalia mikono yake, midomo inatafuta. Halafu uso ukafunguka, akafurahi kwamba amemkumbuka, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu.

"Aaa," akasema. "Yule wa korongo!"